Mkono Unauma? Itazame Peni Yako

Msomaji, hebu kitazame kidole cha kati cha mkono unaoandikia. Ubavuni mwake, karibu na ukucha, kuna mahali pagumu palipovimba kidogo? Hiyo ni sugu, na imeletwa na peni. Kwa mwanafunzi wa sekondari si ajabu. Kila siku unanakili notisi ubaoni, unafanya mazoezi, na jioni unajisomea huku ukiandika.

Sugu yenyewe haina neno. Lakini kama kidole kinauma, kiganja kinakaza na mkono unachoka kabla hujamaliza ukurasa wa pili, hapo kuna jambo. Karatasi nyingi za mtihani wa kidato cha nne ni za saa tatu. Mkono ukigoma katikati, majibu unayoyajua yanabaki kichwani, na msahihishaji hasahihishi kichwa!

Vijana wengi hununua peni kwa kuangalia rangi, au kwa kuwa rafiki anayo kama hiyo. Katika somo hili tujifunze kuchagua peni kwa kuusikiliza mkono.

KWA NINI MKONO UNACHOKA?

Misuli mingi inayokunja vidole haiko kwenye vidole. Iko kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu, kama kamba. Ndiyo maana ukiandika sana unasikia maumivu mpaka karibu na kiwiko.

Msuli ukibana muda mrefu bila kupumzika, unaibana pia mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Damu inapita kidogo, oksijeni haitoshi, msuli unachoka na kuanza kuuma. Kwa hiyo kinachochosha zaidi ni kuibana peni na kuikandamiza kwenye karatasi. Na hapa ndipo peni zinapotofautiana.

PENI ZA AINA TATU

1. Peni ya gololi. Hii ndiyo peni ya kawaida, ambayo wengi wanaiita biki. Kwenye ncha yake kuna gololi ndogo sana, mara nyingi yenye upana wa milimita 1 au chini ya hapo. Inapobiringika kwenye karatasi inabeba wino kutoka kwenye mrija. Hati ya kuimiliki peni ya namna hii ilichukuliwa mwaka 1938 na László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, na mwaka 1950 kampuni ya Marcel Bich huko Ufaransa ikaanza kuuza peni yake ya bei nafuu.

Wino wake ni wa mafuta, mzito. Faida zake ni nyingi: bei ndogo, hukauka upesi, hudumu muda mrefu, na daftari likinyeshewa mvua maandishi hayafutiki ovyo. Ubaya wake ni kwamba inataka ukandamize kidogo ndipo gololi izunguke vizuri. Nyingine ni ngumu kweli, hasa ikiwa imeangukia ncha.

2. Peni ya jeli. Hii nayo ina gololi, ila wino wake ni wa maji uliofanywa mzito kama ute. Ukitulia, wino nao umetulia. Gololi ikizunguka, wino unalainika na kutiririka, kama tomato sosi iliyogoma kwenye chupa mpaka uitikise. Ilianzia Japani miaka ya 1980. Inateleza bila kukandamizwa, kwa hiyo mkono unapumua. Lakini wino unaisha haraka, unachelewa kukauka, na wa peni nyingi unachujuka ukilowa maji. Kama unaandikia mkono wa kushoto, kiganja kinafuata nyuma ya maandishi na kuyapaka, kwa hiyo ijaribu kwanza.

3. Kalamu ya nibu. Hii ndiyo waliyoandikia babu zetu shuleni, ya kujazwa wino. Haihitaji nguvu kabisa, ukigusa tu inaandika. Ila kwenye daftari la karatasi nyepesi wino unatokeza upande wa pili, na ukiitupa kwenye begi inaweza kuvuja mpaka kwenye shati. Ni nzuri kwa anayejua kuitunza.

Basi ipi ni bora? Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Inayokufaa ni ile inayoandika wino ulioiva bila wewe kutumia nguvu, na ambayo mfuko wako unaimudu. Bei kubwa siyo dawa. Peni ya gololi ya bei ndogo inayoteleza vizuri inaishinda ya bei mbaya inayokwaruza.

JARIBU MWENYEWE

Azima peni tatu tofauti kwa wenzako. Usiogope kuazimana. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa peni. Mafua na vijidudu vya kuhara ndivyo vinavyoweza kupita, hasa kwa wale wanaopenda kuweka peni mdomoni, kwa hiyo ifute kwanza na unawe mikono. Sasa fanya hivi:

- Andika aya moja ileile kwa kila peni, ukurasa mmoja kila moja, kwa mwendo wako wa kawaida.
- Geuza karatasi, upapase nyuma kwa kidole. Ukisikia matuta ya herufi, ujue umekandamiza sana.
- Itazame ncha ya kidole cha shahada. Kama imekuwa nyeupe ulipokuwa unaandika, ulikuwa unabana.
- Pitisha kidole juu ya mstari wa mwisho mara tu ukiumaliza. Je, wino umepakaa?

Peni iliyoacha matuta machache na kidole kisichouma, hiyo ndiyo yako.

Tazama na unene wake. Peni nyembamba sana inakulazimisha kubana zaidi. Huna haja ya kununua nyingine. Izungushie kitambaa au kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli pale unaposhikia, na utaona tofauti. Kila baada ya ukurasa mmoja au miwili, iweke chini peni, nyoosha vidole, kung'uta mkono kidogo, ndipo uendelee. Sekunde 10 tu zinatosha.

Lakini kama vidole vinakufa ganzi, vinachomachoma usiku, au maumivu hayaishi hata baada ya kuupumzisha mkono siku kadhaa, usijikaze. Nenda kituo cha afya.

KIFUNIKO SIYO CHA KUTAFUNA

Umewahi kujiuliza kwa nini vifuniko vingi vya peni vina tundu juu? Ni kwa sababu watu hutafuna vifuniko, na kifuniko kikiteleza kinaweza kuziba njia ya hewa. Tundu linasaidia hewa kidogo ipite wakati msaada unatafutwa. Lakini usilitegemee. Peni itoke mdomoni, na vifuniko viwe mbali na wadogo zako.

Mwenzako akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mhimize aendelee kukohoa. Kama hawezi kukohoa, kusema wala kupumua, fanya haraka: mwinamishe mbele, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mwingine akiita msaada. Usiingize kidole kooni kwa kubahatisha, utakisukuma zaidi. Hata kikitoka, mpeleke akaonwe na mganga.

KABLA YA MTIHANI

Usiende na peni mpya ambayo hujawahi kuiandikia. Ianze wiki moja kabla, uwe na mbili za aina hiyohiyo, wino wa bluu au mweusi, na penseli kwa ajili ya michoro. Usiziache juani, maana joto hulainisha wino ukavuja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maumivu ya kuandika yanaweza kufika karibu na kiwiko?
2. Neema anaandikia mkono wa kushoto na nyumbani kwao ni mwendo mrefu, mara nyingi ananyeshewa. Ungemshauri atumie peni ya aina gani, na kwa nini?
3. Darasani kwenu, wangapi wana sugu, na wangapi wanaumwa mkono? Fanyeni jaribio la matuta, kisha mlinganishe peni zenu.