Zijue Zana za Fundi wa Intaneti Kabla Hajaondoka

Huduma nyingi za umma sasa hupita mtandaoni. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma hufanyika kupitia mfumo wa NeST, na leseni za biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kwa hiyo intaneti ikikatika Majita, Kiabakari au Nyamuswa, manunuzi ya zahanati na shule husimama, na mfanyabiashara hulazimika kupanda gari kwenda mjini. Mwananchi hahitaji kuwa fundi. Yampasa kujua jambo moja tu: zana za kufungia huifanya kazi ionekane imekwisha, zana za kupimia ndizo huthibitisha kuwa imekwisha.

Zana za kufungia

Kwa waya wa shaba, fundi huhitaji kisu cha kumenyea, bisibisi, drili na koleo la kubania vichwa vya waya. Ndani ya waya huo mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbilimbili, na kila uzi una nafasi yake katika kichwa. Waya huu haupaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Shule yenye majengo yaliyo mbali zaidi ya hapo itumie faiba au redio.

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Huhitaji kikata kioo, kitambaa safi na spiriti ya kufutia vumbi, pamoja na mashine inayoyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme zikawa uzi mmoja. Kisu cha jikoni hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Zana za kupimia

Kipima waya huonyesha kama nyuzi zote 8 zimefika upande wa pili kwa mpangilio sahihi. Kwa faiba, kipima mwanga husoma nguvu ya mwanga unaofika nyumbani. Vifaa vingi vya nyumbani hufanya kazi mwanga ukiwa kati ya hasi 8 na hasi 27 hivi. Kila namba inaposhuka kwa 3, nusu ya mwanga imepotea. Kipimo cha hasi 26 kitawasha taa zote leo, lakini vumbi kidogo au mkunjo mmoja wa waya utaizima huduma kesho. Hapo ndipo mteja hubaki akilipia kifurushi asichokitumia, na kulipa nauli ya fundi mara ya pili.

Zana za kulinda uhai

Ngazi imara, mkanda wa usalama, kofia ngumu na glavu si mapambo. Mita ya umeme humwezesha fundi kujua kama bati au nguzo ina umeme kabla hajaigusa. Ukanda wetu wa Ziwa Victoria una radi nyingi. Antena iliyo juu ya paa iwekewe waya wa eathi uliozikwa ardhini vizuri. Vipande vya faiba huchoma ngozi na ni vigumu kuonekana. Fundi avitie katika chombo chenye kifuniko, navyo visiachwe uani wanakocheza watoto. Aidha, mtu yeyote asichungulie ncha ya faiba, kwa kuwa mwanga wake hauonekani lakini waweza kudhuru jicho.

Kabla ya kutia sahihi

Ndugu mwananchi, muulize fundi maswali manne. Je, ana leseni ya TCRA ya kufunga vifaa vya mawasiliano, au ametumwa na kampuni iliyo nayo? Je, kipimo kimesoma ngapi? Je, antena ina eathi? Je, mabaki yameondolewa? Andika kipimo na tarehe kwenye karatasi ya kazi. Huduma ikidhoofika, kipimo kipya kikilinganishwa na cha kwanza kitaonyesha kama mwanga umepungua. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Yasipotatuliwa, hufikishwa TCRA, na karatasi hiyo itakuwa shahidi wako.