SOMO: NGOMA KWA MTOTO ASIYESEMA

Wazee wetu wa Taita walijua ngoma hutibu; mwazindika ilipigwa kwa ajili hiyo (ingawa kanisani wengine huiogopa).

Mwaka 1959 huko Uingereza, Paul Nordoff, mpiga piano Mmarekani, na mwalimu Clive Robbins walianza kazi na watoto wenye ulemavu wa akili. Walisema kila mtoto ana muziki ndani yake. Kwa hivyo Nordoff hakumtangulia mtoto, alimfuata. Mtoto akilia, piano ilimjibu. Baadaye wakafundisha walimu wengine.

Voi na Mwatate piano hatuna, lakini debe lipo. Mama mwenye mtoto kama huyo asimfungie nyumbani, aje naye kikundini. Mpeni debe apige anavyotaka. Akipiga mara mbili, nawe mara mbili. Akinyamaza, ngoja. Dakika 10 zatosha, na kesho tena.