Pikapu Haiwaki Asubuhi ya Soko: Tafuta Kinachonyonya Betri Kabla ya Kununua Mpya



Leo mbolea na viuatilifu tunaviweka pembeni kidogo. Wengi wenu mmenunua pikapu za zamani za kubebea mazao, na gari likigoma alfajiri ya siku ya soko, hasara yake haina tofauti na ya kantangaze. Nyanya zimeshachumwa, zimo kwenye matenga, dalali anapiga simu, na wewe unatafuta watu wa kukusukuma. Ukifika saa nne, bei imeshashuka.

Ninachokiona mara nyingi ni kwamba gari likigoma mara mbili, mtu anakimbilia kununua betri mpya. Baada ya wiki tatu hali inarudi palepale. Ni sawasawa na kupuliza dawa kabla ya kukagua shamba. Pima kwanza, pesa itoke baadaye.

Tatizo liko wapi kati ya haya matatu?

Betri ikilala usiku na kuamka haina nguvu, sababu huwa moja kati ya tatu: betri yenyewe imechoka, alternata haichaji, au kuna kitu kinanyonya umeme wakati gari limezimwa. Hicho cha tatu ndicho kinachosumbua sana magari ya zamani, maana yamepita mikononi mwa mafundi wengi na kila fundi kaongeza waya wake.

Utahitaji mita ya umeme ya kawaida, ile ambayo mafundi wanaiita testa, yenye tundu la ampea 10. Maduka ya vifaa vya umeme yanauza, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri.

Anza na volti. Gari likiwa limelala usiku mzima baada ya kuchajiwa, betri nzima husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Ikisoma 12.0 au chini yake, imekwisha. Kisha washa injini upime tena. Alternata ikifanya kazi utaona kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, shida ni kuchaji, nenda kwa fundi wa alternata. Usikubali mtu achomoe kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma eti anapima alternata. Unaweza kuunguza dayodi zake.

Alternata ikiwa nzima na betri inashuka yenyewe usiku, endelea.

Kupima kinachonyonya

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti. Funga milango. Ikibidi uache mlango wazi, hakikisha swichi yake imebanwa ili taa ya ndani isiwake. Vua pete na saa ya chuma, na usivute sigara hapo. Betri hutoa gesi inayoshika moto.

2. Weka waya mweusi wa mita kwenye tundu lililoandikwa COM na mwekundu kwenye tundu la 10A. Zungusha mita kwenye ampea za DC.

3. Kwa spana, mara nyingi namba 10, legeza na uondoe waya wa hasi kwenye betri. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye waya uliouondoa. Sasa umeme wote unaotoka lazima upite kwenye mita. Usiwashe gari wala taa kubwa wakati huu, utaunguza fyuzi ya mita. Na usiguse hasi na chanya kwa pamoja ukiwa kwenye ampea, hiyo ni shoti.

4. Subiri. Gari la zamani lisilo na mambo mengi hutulia baada ya dakika chache. Lenye alamu au kompyuta lipe hadi nusu saa.

5. Soma. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida, hiyo ni saa na kumbukumbu ya redio. Zaidi ya hapo, kuna mnyonyaji.

6. Chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako anaangalia mita. Namba ikishuka ghafla, umeupata mstari wenye tatizo. Soma kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi inalisha nini, kisha kagua vitu vya mstari huo kimoja kimoja. Kila fyuzi irudi kwenye nafasi yake.

Mfano wa Ilula

Kijana mmoja mkulima wa nyanya huko Ilula alikuwa na Hilux ya zamani. Alishabadilisha betri mara mbili. Alilalamika kwamba gari linagoma siku za soko tu, siku nyingine linawaka. Tulipopima tukapata ampea 0.44.

Piga hesabu. Ampea 0.44 kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 10 kwa siku. Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 60, kwa hiyo siku tatu za kulala zinakula nusu yake. Yeye alikuwa anatoka Jumanne na Ijumaa. Akilitumia kila siku, alternata inarudisha. Likilala kati ya soko na soko, linakwisha.

Tulichomoa fyuzi zote, namba haikushuka. Maana yake umeme ulikuwa haupiti kwenye boksi la fyuzi kabisa. Hapo unaangalia vitu viwili: alternata, ambayo waya wake mnene hutoka moja kwa moja kwenye betri, na waya zilizoongezwa. Tukafuata waya mwembamba uliofungwa kwenye nguzo ya chanya hadi nyuma, chini ya turubai. Kulikuwa na taa ndogo ya wati 5 ya kupakilia mzigo usiku. Swichi yake ilikuwa imeganda, na taa ilikuwa imefunikwa na matenga, hakuna aliyeiona ikiwaka. Tulipoikata mita ikasoma 0.02.

Dawa ilikuwa swichi mpya na fyuzi karibu na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi unaweza kuchoma gari zima.

Kama mngekuta waya zilizoongezwa ni salama, hatua inayofuata ni kuchomoa waya mnene wa alternata, betri ikiwa imefunguliwa, kuufunga na gundi ya umeme, kisha kupima upya. Namba ikishuka, dayodi za alternata zinavujisha.

Baada ya kupata chanzo

Ichaji betri kwa chaja mpaka ijae, safari fupi ya sokoni haitoshi. Betri ya gari ikikaa tupu mara kwa mara inaharibika ndani, hivyo kama haishiki chaji hata baada ya kuondoa mnyonyaji, sasa ndiyo nunua mpya. Futa vumbi na unyevu juu yake, kaza vichwa.

Na mtu akija kukuongezea redio, alamu au taa, muulize swali moja: fyuzi yake iko wapi?

Kazi njema.