MFANYAKAZI ASIYEONEKANA

Mtu afunguapo mlango wa zizi la ng'ombe asubuhi, harufu kali humchoma puani. Hiyo ni harufu ya amonia. Lakini mkojo wa ng'ombe utokapo hauna harufu kali namna hiyo. Basi ni nani aliyeubadili usiku?

Katika mkojo mna kitu kiitwacho urea, cha jamii ya amidi. Urea hutengenezwa pia viwandani. Ndiyo mbolea ya punje nyeupe ambayo wakulima wengi wa Mbeya na Iringa huyatilia mahindi yafikapo magotini. Katika kila kilo 100 za mbolea hiyo mna kilo 46 za naitrojeni, nayo ndiyo istawishayo majani. Lakini urea yenyewe haina budi kugeuzwa kwanza.

Kazi hiyo hufanywa na ureasi, kimeng'enya kitokacho kwa vijidudu vya udongoni. Kimeng'enya huharakisha kazi, wala chenyewe hakiishi. Ureasi huiunganisha urea na maji, na urea hupasuka ikawa amonia na hewa ya ukaa. Pasipo kimeng'enya, urea ingekaa majini miaka. Katika udongo wenye unyevu, kazi huisha kwa siku chache.

Ureasi imo pia katika mbegu za maharage ya namna fulani. Mmarekani James Sumner, aliyepoteza mkono wa kushoto ujanani kwa ajali ya kuwinda, alijaribu miaka tisa kuitoa humo. Mwaka 1926 akaipata ikiwa safi, chembe ndogo zenye kumetameta, akaonyesha kwamba kimeng'enya hicho ni protini. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Ureasi haichagui mahali pa kufanyia kazi. Mkulima ndiye achaguaye. Tuseme majirani wawili wamenunua mfuko mmoja mmoja wa urea. Wa kwanza aliitawanya juu ya udongo wenye umande, kisha jua likawaka siku nyingi bila mvua. Ureasi ikafanya kazi pale juu, na sehemu ya amonia ikapaa hewani. Wa pili alichimba kishimo kando ya kila shina, akatia mbolea pasipo kuligusa shina, akafukia. Amonia ilipotokea, udongo ukaishika, na mizizi ikapata chakula chake.

Baadaye majani ya chini ya mahindi ya wa kwanza yakawa manjano. Shamba la wa pili likawa kijani kibichi. Fedha zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa jembe na udongo kidogo wa kufukia.

MASWALI
1. Harufu kali ya zizini hutoka wapi?
2. Ureasi huigeuza urea kuwa vitu gani?
3. Kwa nini mbolea ya urea hufukiwa?
4. Sumner alionyesha jambo gani mwaka 1926?