Kifurushi Kimelala Wapi? Somo Kuhusu Kazi ya Posta

Huenda umewahi kwenda posta mara tatu kwa ajili ya mzigo mmoja, na mara tatu ukarudi mikono mitupu. Huenda pia umewahi kumsikia mtu akimfokea karani wa kaunta, "Ninyi mmekula mzigo wangu!" Wazee hutuambia kuwa mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini uvumilivu peke yake hausukumi gunia. Katika somo hili nataka tuufuate mzigo hatua kwa hatua, ili siku ukichelewa ujue umelala wapi na umuulize nani.

Mengi ya haya nimeyapata kwa shangazi yangu, ambaye ni karani wa posta. Mengine nimeyasoma.

POSTA NI MNYORORO

Wengi wetu tunadhani posta ni ile nyumba moja mjini yenye visanduku vya chuma ukutani. La hasha! Nyumba hiyo ni pete moja tu katika mnyororo mrefu. Mwaka 1874, nchi 22 zilikutana mjini Bern, Uswisi, zikatia sahihi mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani. Kenya ilijiunga mwaka 1964. Nchi zilizo katika umoja huo hubebeana barua na vifurushi. Ndiyo sababu unabandika stempu za Kenya tu, na barua yako inafika Japani bila wewe kutafuta stempu za Japani.

Hapa kwetu, kazi hiyo iliendeshwa pamoja na Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika mwaka 1977. Kisha likaja Shirika la Posta na Simu la Kenya. Hilo nalo liligawanywa mwaka 1999: simu zikaenda upande wake, na barua na vifurushi vikabaki kwa Shirika la Posta la Kenya.

VITUO SITA VYA MZIGO

Tuseme mzigo unatoka ng'ambo kuja kijijini kwenu. Utapitia vituo hivi:

1. Kaunta ya nchi unakotoka. Mtumaji hujaza fomu ya forodha kueleza kilichomo, idadi yake, uzito na thamani. Wengi huandika neno moja tu, "zawadi". Afisa wa forodha hawezi kuikadiria zawadi asiyoijua, kwa hivyo mzigo huo huwekwa kando ukaguliwe. Uchelewaji tayari umezaliwa, na bado mzigo haujapanda ndege!

2. Ndege. Posta nyingi hazina ndege zao. Magunia husafiri katika matumbo ya ndege za abiria. Tarehe 25 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na zikarejea tarehe 1 Agosti mwaka huo. Hebu fikiria: ndege za abiria zikisimama, magunia nayo yatapanda nini?

3. Forodha. Mzigo ukifika Nairobi, maafisa wa Mamlaka ya Ushuru huamua kama utatozwa kodi. Mamlaka hiyo si posta. Karani wa kaunta hawezi kukusamehe ushuru hata akikuhurumia vipi, maana si yeye aliyeuweka.

4. Kupanga. Hapa mizigo hugawanywa kwa msimbo wa posta, yaani zile tarakimu tano zinazofuata nambari ya sanduku. Posta kuu ya Nairobi ni 00100, Mombasa 80100, Kisumu 40100, Nakuru 20100, Eldoret 30100 na Machakos 90100. Nambari ileile ya sanduku yaweza kuwako Machakos na pia Kisumu. Ukiacha msimbo na mwandiko wako uwe wa kuku aliyekanyaga wino, mzigo utazunguka nchi kama mtalii.

5. Posta ya mji wenu. Kifurushi hakiingii katika kisanduku cha barua. Kinachoingia ni karatasi ndogo ya kukuarifu kwamba una mzigo. Unakwenda nayo kaunta pamoja na kitambulisho, unatia sahihi, unapewa mzigo wako.

6. Kutoka sandukuni hadi nyumbani. Kituo hiki twakisahau, ilhali ndicho kinachotuhusu zaidi. Mtindo wa Kenya ni wa masanduku: mara nyingi mzigo wa kawaida huishia posta, na mwenyewe aende akauchukue. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa twajua jinsi mambo yalivyo vijijini. Watu wengi hawana sanduku lao, hutumia la shule ya msingi au la kanisa. Barua husomwa majina paredi, na mtoto hupewa apeleke nyumbani, akikumbuka.

KISA CHA MIWANI

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua vizuri. Mwisho wa Machi 2023, mjomba wangu anayefanya kazi Doha alimtumia nyanya miwani. Nyanya hushona sare za shule: hutia pindo, hupiga vifungo, hurekebisha sketi. Miwani yake ya zamani ilikuwa imevunjika, na bila miwani hakuweza hata kutunga uzi katika sindano.

Kila Jumapili mjomba alipiga simu kuuliza kama miwani imefika, na kila Jumapili jibu likawa haijafika. Majirani walisema miwani imeshauzwa sokoni. Muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi wa Mei, wazazi walileta sare, wakamkuta nyanya hawezi kushona, wakazipeleka kwa fundi mwingine. Fedha za muhula mzima zikapita hivyo mbele ya mlango wake.

Je, miwani ilikuwa wapi? Tulipofuatilia, tuligundua kuwa ilisafiri kutoka Doha hadi mji wetu kwa muda wa wiki tatu hivi. Kisha ikakaa wiki saba kilomita tisa kutoka nyumbani! Karatasi ya kuarifu iliwekwa katika sanduku la shule ya msingi wakati wa likizo ya Aprili, na shule ilikuwa imefungwa. Ilipookotwa, tatizo la pili likazuka. Mjomba alikuwa ameandika "Mama" kisha jina lake mwenyewe, kama nyanya anavyoitwa na kijiji kizima. Lakini jina hilo halikuwamo katika kitambulisho.

"Mimi ndiye huyo. Nani asiyenijua?" nyanya alimuuliza karani.

"Nyanya, mimi nakuamini," karani akajibu, "lakini kitabu hiki hakikujui. Nikikupa leo, kesho atakuja mwingine aseme yeye ndiye."

Ilimbidi mjomba arudi posta ya kule Doha akaombe jina lirekebishwe. Na hapa pana sheria ambayo wengi hawaijui. Kwa kawaida ya mkataba wa posta duniani, mzigo huendelea kuwa mali ya mtumaji mpaka utakapokabidhiwa mwenyewe. Kwa hiyo mtumaji ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha anwani au kuurudisha. Nyanya alipata miwani mwanzo wa Juni. Mzigo ukikaa bila kuchukuliwa hadi muda uliowekwa uishe, hurudishwa ulikotoka, kwa hiyo miwani hiyo ilikuwa karibu kurudi Doha.

SOMA NAMBARI YA MZIGO WAKO

Mzigo uliorejistiwa huwa na nambari ya herufi na tarakimu 13. Kwa mfano: RR 123456785 KE. Si nambari ya bahati nasibu. Kila sehemu ina maana.

Herufi ya kwanza huonyesha aina: R ni barua au kipakiti kilichorejistiwa, C ni kifurushi, na E ni huduma ya haraka. Herufi mbili za mwisho ni nchi ulikotoka: KE ni Kenya, UG ni Uganda, TZ ni Tanzania, QA ni Qatar.

Tarakimu nane za kwanza ndizo jina la mzigo, na ya tisa ni mlinzi. Hupatikana hivi: zidisha zile nane, moja moja kwa mfuatano, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha ujumlishe. Katika mfano wetu tunapata 8 + 12 + 12 + 8 + 15 + 30 + 63 + 56, yaani 204. Gawanya kwa 11: baki ni 6. Toa 6 katika 11, unapata 5. Ndiyo ile tarakimu ya tisa! Jibu likiwa 10, huandikwa 0. Likiwa 11, huandikwa 5. Basi karani akikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu inakataa na kosa linagunduliwa papo hapo. Nani alisema Hesabu haina faida mtaani?

UPANDE WA PILI WA KAUNTA

Sasa tuvuke kaunta. Shangazi hufika kazini kabla mlango haujafunguliwa. Magunia hukaguliwa kwanza: je, kifungo chake kimeguswa? Kisha kila mzigo uliorejistiwa hulinganishwa na orodha iliyokuja nao. Mmoja ukikosekana, ni lazima taarifa iandikwe mara moja. Kila mkono unaopokea hutia sahihi, ili mzigo ukipotea ijulikane ulipotea kati ya nani na nani.

Ndipo foleni huanza. Kuna wa kupima mzigo, wa kununua stempu, wa kulipia sanduku, na yule aliyekuja na hasira tangu nyumbani. Karani hana ruhusa ya kufungua mzigo wa mtu aone kama kuna dawa ya haraka ndani; kufungua barua ya mwenyewe bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Jioni, fedha zilizopokewa sharti zilingane na stempu zilizouzwa. Isitoshe, amesimama kutwa. Namwona akifika nyumbani, anavua viatu mlangoni, anatia miguu katika karai la maji ya chumvi, na hasemi neno mpaka chai ya pili.

Siku moja nilimuuliza ni nini kinachomchosha zaidi. Nilidhani atasema magunia. Akasema, "Ni kutukanwa kwa mzigo ambao sijauona kwa macho yangu."

Hata hivyo, sisemi kuwa posta haikosei. Gunia huweza kupelekwa mji usio wake. Karatasi ya kuarifu huweza kutiwa katika sanduku la jirani. Hapo mteja ana haki yake, na kelele si haki. Haki ni kuuliza kwa maandishi. Kwa mzigo wa kimataifa uliorejistiwa, maulizo hupokelewa ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata ile uliyotumwa, na ukithibitika kupotea, kuna fidia. Lakini anayekuja bila risiti na bila nambari, karani atamtafutia nini?

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kumalizia, tafadhali shika haya:

(a) Andika jina kama lilivyo katika kitambulisho, si la utani wala la kijiji.
(b) Andika S.L.P., msimbo wa posta, mji na nchi, kwa herufi kubwa zinazosomeka.
(c) Eleza kilichomo: "miwani 1", si "zawadi".
(d) Tunza risiti. Mwambie mpokeaji ile nambari ya herufi na tarakimu 13 siku ileile.
(e) Mkitumia sanduku la shule, kubalianeni ni nani atakayelifungua wakati wa likizo.
(f) Ukifika kaunta, anza na salamu, kisha uulize, "Mzigo huu umefika kituo gani?" Swali hilo lina jibu. "Mmekula mzigo wangu" halina.

JIPIME

1. Taja vituo viwili ambavyo karani wa posta ya mjini kwenu hana mamlaka navyo.
2. Kamilisha tarakimu ya tisa: RR 40200150_ KE.
3. Maneno "barua" na "anwani" yametoka Kiarabu, na "stempu" yametoka Kiingereza. Tafuta maneno mengine matatu ya posta na asili yake.
4. Andika anwani kamili ya nyumbani kwenu, kisha umwonyeshe mzazi. Je, jina uliloandika ndilo lililo katika kitambulisho chake?

Atakayeshindwa na swali la pili amwone mwalimu wa Hesabu. Atakayeshindwa na la nne, heri alimalize leo, kabla mtu hajamtumia kitu.

Mwanachama, Chama cha Kiswahili
Kidato cha Tatu