Mpeleke na dada wa nyumbani

Mdogo wangu, likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha unarudi kazini, na mtoto anabaki na dada. Umemwonyesha maziwa yalipo, nepi zilipo, namba yako ya simu ipo kwenye friji. Lakini mtoto akipaliwa saa nne asubuhi, wewe uko kwenye foleni ya mwendokasi. Mikono iliyo karibu naye ni ya dada. Ndiyo maana nasema, mafunzo ya huduma ya kwanza usiende peke yako.

Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia, mwacheni akohoe huku mkimwangalia. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza ghafla: mdomo wazi, sauti haitoki, midomo inaanza kuwa ya bluu. Kama hajafikisha mwaka, kaa chini, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea paja, kichwa kiwe chini kuliko kifua, ushike taya bila kubana koo. Mpige katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, mara 5. Kilichomkaba hakijatoka? Mgeuze chali, kichwa bado chini, umkandamize katikati ya kifua mara 5. Endelea kwa zamu hadi kitoke. Tumbo la mtoto mchanga usiliminye kamwe, utaliumiza ini. Kuminya tumbo ni kwa aliyezidi mwaka. Na tafadhali, kidole kisiingizwe kooni kutafuta usichokiona, kitasukuma kilichokwama, tuseme mbegu ya ubuyu, ndani zaidi.

Akilegea na kuacha kupumua, ni kukandamiza kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akiita msaada.

Umesoma, umeelewa. Bado hujui kufanya. Nguvu ya kipigo kile, na kina cha kukandamiza, sentimita 4 hivi kwa mtoto mchanga, huwezi kuvipata kwenye karatasi wala kwenye video. Vinapatikana kwa kumpiga mwanasesere huku mkufunzi akikusahihisha. Ulizia tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu, na kabla ya kulipa uliza: kuna wanasesere wa ukubwa wa mtoto mchanga? Kila mtu atapata zamu? Kama ni hotuba tu, tafuta kwingine.

Bibi naye aende, maana ndiye mwenye kauli nyumbani. Huko atasikia na mengine: aliyeungua ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno. Degedege, mlaze ubavu, kijiko kisiguse meno. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe wala asipewe maziwa, akimbizwe hospitali. Akiyasikia haya kwa mkufunzi, dada hatagombezwa kwa kufanya sawa.

Siku ya mafunzo ihesabu kuwa siku ya kazi ya dada, umlipe na nauli. Usimnyime Jumapili yake. Baada ya miezi michache mrudie zoezi pamoja jioni moja, kwa mwanasesere yeyote aliyepo ndani, kwa sababu mikono husahau upesi.