Jina la Mmea Likibadilika, Lebo Yako Uifanyeje?

Mwanafunzi anayekausha majani kwa somo la biolojia, mwenye kitalu cha miche hapa Ndandalo, mganga wa tiba asili anayehifadhi magome kwenye makopo: wote huandika jina la mmea kwenye lebo, na wote huweza kukuta kitabu kipya kinatumia jina jingine. Haya ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara nyingi Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Jina la kisayansi ni lipi? Kwa nini tusiandike la kwetu tu?

Ni jina la maneno mawili lenye umbo la Kilatini. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu. La pili hutambulisha spishi, yaani aina yenyewe. Jina la kwetu liandikwe pia, na lugha yake itajwe, iwe Kinyakyusa, Kindali au Kiswahili, maana jina hilohilo linaweza kuwa la mmea mwingine katika kata ya jirani.

Kwa nini majina hubadilika?

Mara nyingi ni kwa sababu uchunguzi umeonyesha undugu ambao haukujulikana. Nyanya iliitwa Solanum lycopersicum mwaka 1753, kisha ikahamishiwa jenasi nyingine na kuzoeleka kama Lycopersicon esculentum. Vinasaba, yaani chembe za urithi, vilipothibitisha kwamba ni ndugu wa karibu wa kiazi mviringo, ikarudishiwa jina lake la kwanza.

Mabadiliko mengine huamuliwa kwa kura katika kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea. Kongamano la Vienna la mwaka 2005, na lile la Melbourne la 2011 lililothibitisha uamuzi wake, yaliacha jina Acacia kwa miti ya Australia, na migunga yetu mingi ikaingia Vachellia na Senegalia. Uamuzi huo uliwaumiza wengi barani Afrika, na hisia hizo zina msingi, kwa kuwa jina hilo lilianza na miti ya huku. Mwaka 2024 kongamano la Madrid liliamua kwamba neno caffra, lenye mzizi wa tusi lililotumiwa kuwadhalilisha Waafrika, liandikwe affra. Badiliko hilo linaugusa mng'ongo, ambao spishi ndogo yake ya huku iliitwa Sclerocarya birrea subsp. caffra.

Je, kakao yetu nayo imebadilishwa jina?

Hapana. Ni Theobroma cacao tangu mwaka 1753, kama vile mpunga ulivyobaki Oryza sativa. Kilichobadilika ni familia, yaani kundi kubwa linalobeba jenasi nyingi: zamani kakao iliwekwa Sterculiaceae, na leo imo Malvaceae pamoja na bamia na pamba.

Nimepata jina jipya. Nifute la zamani?

Usifute, na usibandue lebo ya kwanza. Andika kibandiko kidogo chenye jina jipya, jina la aliyelithibitisha na mwaka, kisha kibandike kando ya lebo ya awali. Hivyo ndivyo zinavyofanya hebaria, yaani maktaba za mimea iliyokaushwa, na karatasi moja inaweza kuwa na vibandiko vitatu au vinne vya vizazi tofauti. Jina la zamani huitwa kisawe, na ndilo litakalomwezesha msomaji kupata maandishi yote yaliyotangulia kuhusu mmea huo.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu jina ni maoni ya mtaalamu wa wakati fulani, lakini mahali, tarehe na namba ya mkusanyaji ni ushahidi usiorudi tena ukipotea. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mmisionari Adolf Stolz alikusanya mimea mingi Kyimbila, karibu na Tukuyu, na kuipa namba. Hebaria ya Berlin, alikopeleka sampuli zake, iliungua mwaka 1943 kwa mabomu, na nyingi zikateketea. Nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine zilisalia, na kwa namba zilezile za Stolz wataalamu bado wanajua ni mmea upi unaozungumziwa, hata pale ambapo jina lake limebadilishwa.

Majina ya mahali nayo hubadilika. Lebo ya Kijerumani yenye neno Neu-Langenburg inamaanisha Tukuyu, na lebo ya zamani ya Kyela inaweza kusema Rungwe, kwa kuwa Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Hapo pia acha yaliyoandikwa, kisha ongeza jina la leo. Sampuli mpya iandikiwe kijiji, kata, wilaya, aina ya eneo (bondeni, ufukweni, shamba la kakao), rangi ya ua na tarehe kamili.

Je, ninalazimika kutumia jina jipya?

Hakuna sheria inayomlazimisha mkusanyaji, na wataalamu wenyewe hutofautiana. Dughushi ya Usambara, ua dogo la zambarau linalopendwa duniani kote, ilijulikana kama Saintpaulia tangu 1893. Mwaka 2015 ilihamishiwa Streptocarpus, lakini wakuzaji wengi bado wanatumia jina la zamani. Mkangazi ulioitwa Khaya nyasica, kwa jina la Nyasa yetu, uliunganishwa kwa miaka mingi na Khaya anthotheca, na wapo wanaoutenganisha tena. Chagua orodha moja ya majina, iandike mwanzoni mwa daftari lako, na uifuate kote.

Kwenye kibali cha kupeleka mmea nje ya nchi niandike jina gani?

Andika jina lililomo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kisawe kwenye mabano. Magome ya Prunus africana, mti wa milimani unaotafutwa kwa dawa za tezi dume, bado huuzwa kwa jina la zamani, Pygeum. Jina hilo haliondoi sharti la kibali. Vivyo hivyo kwa okidi zote, vikiwemo viazi vya chikanda, na kwa mishubiri isipokuwa Aloe vera. Anayevuka mpaka wa Kasumulu na mmea hai aulize kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kuhusu cheti cha afya ya mimea.

Tumesikia kwamba wageni hubadilisha majina ili wamiliki mimea yetu.

Wasiwasi huo unaeleweka, lakini kuupa mmea jina la kisayansi hakumpi mtu umiliki wowote. Haki za kijiji na za nchi hulindwa kwa vibali na mikataba. Kwa hiyo mgeni akija kukusanya, serikali ya kijiji ina haki ya kumwomba vibali vyake kabla hajaanza.

Je, jina jipya linabadilisha dawa au sumu?

Hapana, mmea ni uleule. Gloriosa superba, ua jekundu lenye njano linalotambaa, limeandikwa pia Gloriosa simplex, na kwa majina yote mawili kiazi chake kinaua. Mwenye makopo ya dawa aandike majina yote mawili na neno SUMU kwa herufi kubwa.

Nani atanithibitishia jina?

Hebaria ya Taifa iliyo Arusha, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo Nairobi. Mwenye simu ya intaneti anaweza kutafuta bure kwenye Plants of the World Online, ambako ukiandika jina la zamani unaonyeshwa linalokubaliwa sasa. Kata matawi mawili ya mmea uleule yenye ua au tunda, yakaushe katikati ya magazeti, yape namba moja, tuma moja na ubaki na la pili.